COOPEC zinatuita wateja

Ndugu wa chama, wale wenye lisansi na wale wangali masomoni, leo tuongee juu ya feza. Kila mara koperative ya akiba na mikopo inapoita vijana, iwe hapa Kasongo-kati, iwe upande wa Kabambare, kuna neno moja halikosekani: «Vijana hawajui kuweka.» Nimelisikia kwa wasimamizi, nimelisikia kwa watu wa miradi waliotoka Kindu na kofia mpya kichwani, na kwa wazazi wetu vilevile. Linasemwa kwa huruma, sawa vile mtu anasema juu ya mgonjwa. Mimi silikubali, na nataka nieleze sababu, maana neno hilo njo linaharibu kila kitu kinachofuata.

Vijana wa huku wanaweka. Motari anayeendesha pikipiki ya mtu, kila jioni anapeleka feza kwa mwenye pikipiki, na ile inayobaki anatoa kidogo kwa likirimba pamoja na wenzake kumi wa kituo kimoja. Mmoja anapokea leo, mwingine kesho, na hakuna mtu anakimbia, kwa sababu kesho asubuhi mtaonana tena palepale. Wasichana wanaouza mikate na samaki wako ndani ya AVEC, ile sanduku yenye kufuli tatu na wenye ufunguo watatu tofauti. Namna ile ilianzia Niger, huko Maradi, 1991, kwa mkono wa shirika CARE, kisha ikaenea Afrika nzima na ikafika mpaka vijiji vyetu. Mchimba dhahabu wa Salamabila anaacha feza yake kwa mfanyabiashara anayenunua dhahabu yake. Mwanafunzi iko na mbuzi wawili kwa nyanya yake kijijini, na ule mbuzi wa pili njo masomo ya mwaka ujao. Hiyo yote ni akiba. Tofauti yake ni kwamba haipitie gishe.

Kwa hiyo ulizo la kweli ni lingine: kwa nini kijana anaamini sanduku yenye kufuli tatu, anaamini kijana mwenzake wa kabine ya Airtel Money, na haamini nyumba ya matofali yenye maandishi COOPEC mlangoni?

Tuangalie kwanza namna wanavyotuita. Mulishaona. Wanatundika kitambaa kikubwa, wanakodisha vyombo vya muziki, wanagawa fulana, msimamizi anasoma hotuba juu ya maendeleo, halafu wanatangaza «konti ya vijana». Mimi niliuliza siku moja, kwa koperative moja sitaitaja jina, hiyo konti ya vijana inapitana namna gani na konti ya kila mtu. Yule aliyekuwa gishe akafikiri, akasema: «Ni ileile, lakini kwa vijana.» Sikucheka mbele yake. Hisa ya kuingia ni ileile, kitabu kinauzwa bei ileile, picha mbili, karte ya uchaguzi, miezi ya kungojea mbele ya kuomba mkopo, na kiisha dhamana: parselle yenye mikanda au mtu wa mshahara anayekubali kuweka saini. Kijana wa miaka 24 aliyetoka kupata diplome, parselle ataitoa wapi? Angekuwa nayo asingekuja kukopa.

Hata hiyo karte ni jambo. Katika inchi yetu, karte ya uchaguzi njo ilifanya kazi ya kitambulisho miaka mingi. Uandikishaji wa mwisho, kwetu Maniema, ulifanywa mwanzo wa 2023, na waliandikwa wale ambao wangekuwa na miaka 18 siku ya uchaguzi wa mwezi wa 12. Aliyefika 18 kisha pale hana karte. Ni kusema wale vijana wapya kabisa, wale ambao kitambaa kinawaita, njo wale gishe inawarudisha nyumbani. Koperative ingeweza kuandika katika sheria zake za ndani ni mukanda gani mwingine inapokea kwa akiba ndogo, ikaomba Banki Kuu ushauri kama iko na woga. Kitambaa kimoja kingetosha kulipa ile safari.

Sasa nifike kwa shamba, maana hapo njo nilisoma na hapo njo kidonda kiko.

Chukua kijana wa upande wa Kunda anayelima hekta moja ya mpunga. Mvua kwetu inaanza mwezi wa tisa. Anakata pori na kusafisha mwezi ule, anapanda katikati ya mwezi wa kumi. Akipanda IRAT 112, ule mpunga wa mlimani ambao wengi wetu tulikutana nao kwenye masomo, anangoja karibu miezi mitatu na nusu. Anavuna mwisho wa mwezi wa kwanza. Anapiga, anakausha, anatafuta namna ya kusafirisha: feza ya kwanza inaonekana mwezi wa pili. Hiyo ni kalenda ya mmea, haiongozwi na mtu.

Tuseme koperative inamkopesha dola 200 tarehe ya kwanza ya mwezi wa tisa, kwa miezi sita, na faida ya 3 kwa mia kila mwezi juu ya jumla yote. (Hesabu ni yangu, ya kuonyesha. Kila nyumba iko na bei yake, lakini umbo njo hili.) Kila mwisho wa mwezi anarudisha dola 39 na kitu. Ya kwanza inaanguka mwisho wa mwezi wa tisa: mbegu ingali ndani ya gunia. Ya pili inaanguka mpunga umetoka juu kidole kimoja. Ya tatu wakati wa palizi, pale anahitaji feza kupita wakati wote mwingine. Ya ine siku za Noeli. Ya tano anapovuna. Jumlisha hizo tano: inakaribia dola 197. Ni kusema mbele ya kuuza kilo moja, amesharudisha karibu zile 200 zote, na ya sita ingali inamngoja. Kwa shamba lake feza ile ilifanya nini? Ilitembea kutoka gishe mpaka mfukoni, ikarudi gishe, na njiani ikazaa 36.

Yule kijana atatoa wapi zile 39 za kila mwezi? Anauza mpunga ungali kijani, kwa mfanyabiashara anayemtolea nusu ya bei. Ao anaenda kwa Banque Lambert. Nyinyi wote munajua Banque Lambert, haina kitambaa wala msimamizi: unachukua 100, mwisho wa mwezi unaleta 150. Kiisha mkutano unaofuata tutaambiwa kwamba vijana hawarudishe madeni.

Ni nani aliyetunga mkopo ule? Mtu aliyefikiria mwalimu na muuza duka, watu ambao feza yao inaingia kila mwezi ao kila siku. Kwao ni mkopo mzuri. Kwa mpunga ni mtego. Na hapa haihitajiki akili ya ajabu: karanga kama JL 24 siku 90 hivi, mpunga miezi mitatu na nusu, muhogo mwaka mzima. Faida ikilipwa kidogo kidogo na mtaji ukilipwa kisha mavuno, mambo inabadilika kabisa. Huko Niger, tangu mwisho wa miaka ya 1990, wakulima wanafanya zaidi: wanavuna, wanafungia magunia ndani ya depo yenye kufuli mbili, moja ya kikundi cha wakulima na moja ya mkopeshaji, na yale magunia njo dhamana. Wanapata mkopo juu yake, wanangoja bei ipande, ndipo wanauza. Hakuna parselle, hakuna saini ya mtu wa mshahara. Inaomba depo kavu na mtu anayejua kupima unyevu wa nafaka, maana mpunga ukiingia na unyevu kupita 14 kwa mia utaoza pamoja na dhamana yenyewe. Mtu wa namna ile yuko. Tunatoka wengi kila mwaka na lisansi ya agronomia, na tunakaa.

Nitasema haki vilevile. Msimamizi mmoja alinijibu kwamba feza anayokopesha si yake, ni ya mama anayeuza mawese aliyeiweka dola mbili dola mbili, na kijana anahama: leo Kasongo, kesho Salamabila, kesho kutwa Misisi, nani atamfuata? Iko na haki. Katika Kivu Banki Kuu ilinyang'anya ruhusa kwa koperative nyingi, na mara mingi sababu ilikuwa mikopo iliyotolewa kwa urafiki ikakosa kurudi. Kukopesha bila kufikiri ni kuiba polepole. Lakini jibu la kuhama tunalo hapa hapa, na halitoki Ulaya. Usimkopeshe mtu mmoja mmoja, kopesha kituo cha motari, kopesha likirimba yao ambayo imeshatembea miaka miwili bila mtu kukimbia. Wale wanajuana kwa jina la mama. Huko Kenya, tangu 2010 serikali ililazimisha wenye matatu waingie katika sacco, na akiba ikafungwa pamoja na kazi ya kila siku: gari linatembea, fungu linaingia. Iko na ubaya wake, sheria ya kulazimisha watu haikose kamwe. Lakini wazo ni zuri: enda pale kijana anapotolea feza yake jioni, usimngoje saa mbili asubuhi pale gishe, saa ambayo iko barabarani.

Kuna jambo lingine watu wanaliogopa kulitaja, na mimi siogopi. Kasongo Uislamu ulifika tangu karne ya 19, na vijana Waislamu hapa si wachache. Wengi wao hawaingie COOPEC kwa sababu ya riba, basi. Si kwamba hawajui kuweka, ni kwamba hawataki kula ile inayokatazwa, na hakuna mtu aliwauliza. Jirani zetu walishafikiria: Kenya iko na Gulf African Bank tangu 2008, Tanzania iko na Amana Bank tangu 2011. Namna moja wanayotumia ni rahisi kueleza. Nyumba ya feza inanunua pikipiki yenyewe, kiisha inakuuzia kwa bei ya juu kidogo inayojulikana siku ya kwanza, unalipa kidogo kidogo na bei haiongezeke. Kama ile inafaa ao haifai, masheikh watuambie, si mimi. Lakini koperative ambayo iko Kasongo na haijawahi kukaa na imamu hata saa moja, inatafuta vijana gani?

Na wasichana? Tangu sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2016 iliyorekebisha Kitabu cha Jamaa, mwanamke aliyeolewa haombe tena ruhusa ya bwana kwa mikanda yake. Kuna gishe ambako habari hiyo bado iko njiani, pengine ilipitia barabara ya Kabambare wakati wa mvua.

Tuje kwa woga, maana woga wa feza kwetu uko na historia. Mwisho wa mwezi wa 12, 1979, Mobutu alifuta noti za zaïre tano na kumi, watu wakapewa siku chache za kubadilisha. Mtu wa kijijini, mbali na banki, angefika saa ngapi? 1993 ikaja zaïre mpya: moja ya mpya kwa milioni tatu za zamani. Wazazi wetu walilala na feza wakaamka na karatasi. Na juzi hapa, mwanzo wa 2025, Goma iliangukia mikono ya M23 mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, mabanki yakafunga milango. Wafanyabiashara wa Maniema wanaonunulia Bukavu, waliokuwa na feza kule, walielewa kwamba akiba inaweza kuwa salama kwenye kitabu na isipatikane kwa mkono. Kijana aliyekua na hadithi hizo, ukimwambia «uaminifu» atakuangalia tu.

Anachotaka ni kuona. Sanduku ya AVEC inafunguliwa mbele ya watu wote, feza inahesabiwa kwa sauti, na mwisho wa mwaka inagawanywa. Kijana wa kabine anakutumia feza na simu inalia palepale: umebakia na kiasi hiki. COOPEC ingeanza na hayo mawili. Kila unapoweka ao kutoa, ujumbe kwa simu, pale mtandao unapofika. Na kila mwezi wa tatu karatasi moja mlangoni, kwa Kiswahili: akiba yetu yote ni kiasi gani, tulikopesha kiasi gani, kiasi gani hakijarudi. Hiyo haiombi mfadhili. Inaomba kalamu, na moyo wa kuonyesha.

Rwanda, tangu 2009, waliweka sacco katika kila umurenge, 416 kwa jumla, mtu anafika kwa miguu. Najua jina la jirani huyo halipendezi wakati huu, na halinipendezi mimi pia. Lakini mtu wa Lusangi anayeambiwa aje Kasongo kuweka dola tano anatumia zaidi ya hizo tano kwa pikipiki. Kama huwezi kufungua gishe Lusangi, tuma mtu siku ya soko. Alphonse Desjardins alipofungua koperative yake ya kwanza huko Lévis, Québec, fungu la kwanza lililowekwa 1901 lilikuwa senti 10. Hakuona haya ya senti 10. Sisi tunaona haya ya franka 1000.

Lakini kosa lililo kubwa kuliko yote, nililoliwekea kichwa cha maandishi haya, ni neno «mteja». Sikiliza hotuba zao: wateja vijana, kuvuta wateja, kupendeza wateja. Mteja ni mtu wa duka. Anaingia, ananunua, anatoka, na duka ni la mwingine. Koperative si duka. Sheria ya tarehe 2 mwezi wa 2, 2002 juu ya COOPEC, na ile ya OHADA juu ya koperative ambayo inatuhusu tangu inchi yetu kuingia 2012, zote zimesimama juu ya msingi mmoja: mtu mmoja, sauti moja. Mwenye dola elfu kumi na mwenye dola kumi wako sawa siku ya kuchagua. Yule kijana wa Kunda akilipa hisa yake, iko na haki ya kusimama katika mkutano mkuu na kuuliza kwa nini mkopo wa mpunga unalipwa mbele ya mpunga kuota. Iko na haki ya kuchaguliwa katika kamati ya kuchunga hesabu. Hakuna banki ya Kinshasa inayoweza kumtolea ile, hata iwe na simu nzuri namna gani.

Kwa nini basi hatuambiwe? Mimi nafikiri (ni fikira yangu) kwamba mteja ni rahisi kuliko mwenye nyumba. Mteja asipopendezwa anaondoka kimya. Mwenye nyumba anauliza. Kuna kamati ambazo wazee walewale wako ndani tangu tulikuwa shule ya msingi, na mkutano mkuu unatangazwa kwa karatasi iliyobandikwa ndani ya ofisi, pale ambapo motari haingie. Wanataka akiba ya kijana, sauti yake hapana. Hapo mafundisho yote, fulana zote, hazifanye kitu, maana kijana anasikia harufu ya jambo hata kama hana jina lake.

Na sisi wenye lisansi tusijifiche nyuma ya wazee. Tukisikia COOPEC, wengi wetu tunafikiri kazi: kupeleka mukanda wa kuomba nafasi gishe, kuvaa kravati. Ni wangapi kati yetu waliolipa hisa? Ni wangapi walisoma sheria za ndani za koperative moja tu, sawa vile tulivyosoma kozi ya kutafuta alama? Tunajua kusoma hesabu za mwaka, tunajua kuhesabu faida, tunajua kalenda ya mpunga. Yule wa Kunda hajui kusoma hesabu zile, na wale wanaojua wako pembeni wanaandika juu ya ukosefu wa kazi.

Mkutano mkuu wa kila mwaka, kwa sheria ya OHADA, unafanywa ndani ya miezi sita kisha kufunga hesabu. Mwaka ukifungwa mwezi wa 12, mwisho wake ni mwezi wa sita. Wakati ule mpunga umeshauzwa, kiangazi kimeanza, na barabara ya Kabambare inapitika. Hisa inaombwa ilipwe mapema, mbele ya orodha ya memba kufungwa, kwa hiyo anayetaka kuingia aulize tarehe sasa, aulize pia karatasi ya hesabu ya mwaka uliopita. Wakikataa kuionyesha, utuandikie hapa, pasipo kutaja jina la mtu, tuongee.